Taarifa za "tunasonga mbele" vitani: unazipimaje kabla hujazisoma hewani?

Binti_Mpwapwa (saa 9:40 alasiri)

Wakuu habari za leo, na wa Dodoma wenzangu mbukwenyi.

Naomba msaada kwa wanaozijua taarifa za kijeshi. Dawati la habari la redio ndogo hapa mjini linapokea kila siku taarifa za vita vya nje: Kongo mashariki, Sudan, Ukraine. Zinakuja kwa Kiingereza au Kifaransa, zinatafsiriwa, zinasomwa saa moja jioni. Shida ni kwamba pande zote mbili zinasonga mbele kila siku ya Mungu. Ukizijumlisha za mwaka mzima, majeshi yangekuwa yameshapishana njiani na kila moja limeketi kwenye mji mkuu wa mwenzake.

Nina maswali matatu. Kauli ya rais au waziri kwamba vita vinakwenda vizuri ina uzito gani ikilinganishwa na ya msemaji wa jeshi? Ndani ya maandishi yenyewe, nini kinaonyesha mtu anafunika kitu? Na bila mwandishi eneo la tukio, kwa bando la kawaida, kipi kinaweza kuhakikiwa kabla ya saa moja?

Jibu la "wote waongo" nimeshalipata nyumbani, msinirudishie.

Ramani_na_Penseli (saa 9:58)

Dada, anza na kitenzi, maana ndicho kinachopotea kwanza kwenye tafsiri.

Katika taarifa za vita kuna ngazi, na wasemaji wanazijua. *Kufika* mji, *kuingia* mji, *kuteka*, *kudhibiti*: haya ni mambo manne. Kuingia kunaweza kuwa askari sita na droni juu yao, wakapandisha bendera kwenye bango la jina la mji, wakapigwa picha, wakatoka. Kudhibiti maana yake upande mwingine hauwezi tena kuendesha gari barabara kuu mchana. Mtafsiri mwenye haraka anayaandika yote "wameuteka", na hapo redio yako imeshatangaza ushindi ambao hata jeshi lenyewe halijadai.

Kuna vitenzi vinavyosema kinyume cha sura yake. "Tumezima mashambulizi matano" maana yake adui ndiye anayeshambulia, yeye ndiye anayechagua mahali na saa. "Tunaendelea kusafisha mabaki ya adui", ikija siku tatu baada ya "tumeukomboa mji", maana yake mji haujakombolewa. Na ukisikia "tumejipanga upya", tafuta pale pale wameondoka wapi. Tarehe 10 Septemba 2022 wizara ya ulinzi ya Urusi ilisema inajipanga upya kutoka miji ya Balakliia na Izium huko Ukraine ili kuimarisha Donetsk. Kilichotokea ni kwamba ngome yao ya mkoa wa Kharkiv ilikuwa imevunjika. Kisiwa cha Nyoka, kwenye Bahari Nyeusi, walikiacha tarehe 30 Juni 2022, wakaita "ishara ya nia njema". Japani ilipoondoa askari wake kisiwa cha Guadalcanal, Pasifiki, Februari 1943, tangazo lilitumia neno *tenshin*, yaani kugeuza uelekeo na kusonga. Kurudi nyuma kwa mtu anayetembea mbele!

Wa karibu nasi: tarehe 28 Novemba 2020 Waziri Mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed alitangaza Mekelle, mji mkuu wa Tigray, imetwaliwa na operesheni ya Tigray imekamilika. Tarehe 28 Juni 2021 jeshi lile lile lilitoka Mekelle, na siku hiyo hiyo serikali ikatangaza usitishaji mapigano kwa sababu za kibinadamu. Ukisoma tangazo peke yake unaona huruma. Ukiliweka kando ya ramani unaona msafara unaoondoka.

Ndiyo maana jambo la pili ni mahali. Chukua ramani ya karatasi au ya simu, na kila taarifa itie nukta kwenye jina la kijiji. Usiweke rangi ya nani kashinda, weka tarehe tu. Baada ya wiki mbili angalia nukta zinatembea kwenda wapi. Januari 2025, Kongo mashariki, waasi wa M23 waliitwaa Minova tarehe 21, Sake tarehe 23, Goma ikaanguka tarehe 27. Sake iko kilomita 25 hivi kutoka Goma. Hata kama hukuweza kujua nani anasema kweli kuhusu waliouawa, majina yenyewe yalikuwa yanatembea. Jeshi linaloshinda kila siku huku ushindi wake unasogea karibu na nyumbani kwake, huhitaji kumpigia simu mchambuzi.

Taarifa isiyo na jina la mahali ("vijiji kadhaa", "maeneo ya kimkakati") iandike kwa penseli pembeni. Haina nukta, haina habari.

Nkuhungu_Kwetu (saa 10:06)

Nimemkumbuka waziri wa habari wa Saddam, Baghdad Aprili 2003. Anasema hakuna Mmarekani hata mmoja mjini, vifaru vinasikika nyuma yake. Huyo hakuhitaji ramani 😂

Karani_wa_Namba (saa 10:21)

Mkuu, waziri huyo, al-Sahhaf, anachekesha lakini hafundishi. Uongo wa namna ile hufa ndani ya siku tatu. Kinachosumbua dawati la habari ni taarifa ambayo kila namba ndani yake ina karatasi nyuma yake, halafu jumla yake ni uongo. Nitaeleza namba zinavyoharibika, kwa sababu mara nyingi hakuna mtu mmoja aliyekaa akaamua kudanganya.

Kwanza ni kuhesabu mara mbili. Tarehe 15 Septemba 1940 jeshi la anga la Uingereza lilitangaza limeangusha ndege 185 za Ujerumani. Rekodi za Wajerumani baada ya vita zikaonyesha karibu 60. Marubani hawakuwa waongo: watatu wanaipiga ndege moja, kila mmoja anaiona inatoa moshi, kila mmoja anaripoti. Ndege zikiwa nyingi angani, kosa linazidi. Kwa hiyo siku ya mapigano makali ndiyo siku ya namba mbovu kuliko zote, na ndiyo siku ambayo vyombo vya habari vinazitaka zaidi.

Pili ni kuona kwa mbali. Kosovo 1999, baada ya siku 78 za mabomu, NATO ilieleza Septemba mwaka ule kwamba mashambulizi yaliyofanikiwa dhidi ya vifaru yalikuwa 93. Timu iliyotembea ardhini ilipata mabaki ya 26. Vingine huenda vilivutwa, lakini baadhi ya vilivyopigwa vilikuwa vya bandia, mbao na turubai.

Tatu, na hii ndiyo mbaya, ni pale namba inapogeuka kipimo cha kupandishwa cheo. Vietnam, kwa kuwa hapakuwa na mstari wa mbele wa kuchora, maendeleo yalipimwa kwa idadi ya maiti za adui. Operesheni ya Marekani iliyoitwa Speedy Express, Desemba 1968 hadi Mei 1969 katika delta ya Mekong, iliripoti maadui karibu 10,900 waliouawa. Silaha zilizokusanywa: 748. Gawanya. Ni silaha moja kwa kila maiti 14 au 15. Ama askari wa adui walikuwa wanachangia bunduki, ama wengi wa waliohesabiwa walikuwa wakulima. Hesabu hii ya maiti kwa silaha inafanya kazi hadi leo, na taarifa nyingi zinakupa namba zote mbili bila kujua zinajishtaki zenyewe.

Jirani zangu wa Kongwa wana mfano wao usio wa vita. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 kwa lengo la eka 150,000 mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Taarifa za London zikawa zinasifu eka zilizong'olewa visiki, matrekta yaliyowasili na nyumba zilizojengwa. Karanga zenyewe? Mbegu zilizonunuliwa tani 4,000, mavuno tani 2,000. Januari 1951 mradi ukafungwa na paundi milioni 36 zikafutwa vitabuni. Msemaji akianza kukupa eka badala ya karanga, ujue karanga hazipo. Vitani eka ni mabomu yaliyodondoshwa, ndege zilizoruka, askari waliofunzwa. Karanga ni kama mkulima anaweza kwenda sokoni na kurudi.

Kipimo cha haraka: jumlisha. Chukua "hasara za adui" za mwezi mzima kutoka upande mmoja, linganisha na vifaa ambavyo adui alijulikana kuwa navyo kabla ya vita. Ikizidi alivyokuwa navyo na bado anashambulia, namba ziache, soma mahali tu.

Mstaafu_Chamwino (saa 10:44)

Vijana, mnachanganya mambo. Jeshi halina wajibu wa kumwambia adui limepoteza nini. Kukaa kimya siyo kudanganya. Kuna kunyamaza, kuna kuchelewesha, na kuna kusema kisicho kweli. Mwandishi asiyetofautisha hayo matatu ataliita kila jeshi lenye nidhamu kuwa ni jeshi la waongo.

Angalieni Novemba 1978. Tarehe 1 Amin alitangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Tarehe 2 Mwalimu Nyerere akahutubia taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Tazameni hotuba ile ilivyojengwa. Mambo yote matatu ni ya upande wa msemaji. Hakuhesabu maiti za adui. Kauli ya namna hiyo haichakai mapigano yakienda vibaya wiki moja, kwa sababu haikuahidi wiki. Kauli ya Amin ilikuwa na mstari kwenye ramani, na mstari ukivukwa kauli imekufa. Kampala iliingia mikononi mwetu tarehe 11 Aprili 1979.

Na kuhusu askari wetu walio nje: jina la marehemu halisomwi hewani kabla familia haijaambiwa, hata kama liko mtandaoni tangu asubuhi. Hilo halina mjadala.

Karani_wa_Namba (saa 10:52)

Shikamoo Mzee. Naafiki kuhusu kunyamaza, lakini kimya nacho kina gharama. Baada ya shambulio la kambi ya El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, Kenya haikutoa idadi kamili ya askari wake waliokufa. Nafasi ile haikubaki tupu. Al-Shabaab walitaja zaidi ya 100, rais wa Somalia wa wakati ule akataja namba kubwa kuliko hiyo, na tangu hapo kila anayeandika habari hiyo analazimika kutumia namba ya mtu mwingine. Jeshi linaweza kuwa na sababu halali za kunyamaza na bado likapoteza udhibiti wa habari yake.

Mstaafu_Chamwino (saa 10:57)

Marahaba. Hapo sina ubishi. Kuchelewesha kuna ukomo wake.

Ramani_na_Penseli (saa 11:10)

Narudi kwenye swali la kwanza la dada, rais dhidi ya msemaji wa jeshi, maana hapo ndipo siasa inaingia na ndipo kuaminika kunakovunjika kweli.

Msemaji wa jeshi anazungumzia leo. Mwanasiasa anazungumzia mwelekeo: tunaelekea kushinda, mwisho unakaribia. Kauli ya leo ikikosea, kesho inasahihishwa kimya kimya. Kauli ya mwelekeo ikikosea haina pa kusahihishiwa, kwa sababu ilikuwa ahadi kwa wapiga kura.

Mfano unaofaa kukaa nao ni Novemba 1967. Rais Johnson, anaona kura za maoni zinashuka, anamrudisha Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani Vietnam, nyumbani kutoka Saigon kuja kuwaambia Wamarekani mambo yanakwenda vizuri. Tarehe 21 Novemba jenerali anasema mbele ya waandishi Washington kwamba mwisho umeanza kuonekana. Hakuokota maneno hewani. Alikuwa na majedwali. Vitongoji vya Vietnam Kusini vilikuwa vinapewa alama za usalama kila mwezi, A hadi E, kwa fomu iliyojazwa na maofisa washauri wa wilaya. Idadi ya adui ilionekana iko chini ya 300,000. Ila ilikaa chini ya 300,000 kwa sababu wanamgambo wa vijijini waliondolewa kwenye jedwali, baada ya mvutano mkali na wachambuzi wa CIA waliotaka wahesabiwe na waliona jumla halisi ni kubwa mno. Kumwondoa mtu kwenye jedwali hakumwondoi kijijini.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Januari 1968 zaidi ya miji 100 ya Vietnam Kusini ikashambuliwa na adui huyo, pamoja na uzio wa ubalozi wa Marekani Saigon. Sasa tazama hapa. Kijeshi, washambuliaji walipoteza watu wengi mno na hawakushikilia karibu mji wowote kwa muda mrefu; mji wa Hué peke yake ndio uliochukua wiki kadhaa kuurudisha. Johnson alikuwa na hoja ya kweli mkononi: adui kashindwa. Hakuna aliyeisikiliza, kwa kuwa miezi miwili nyuma alishawaambia watu adui huyo hana tena uwezo wa kufanya jambo kama hilo. Tarehe 31 Machi akatangaza hagombei tena. Ukweli wake wa Februari uliuawa na matumaini yake ya Novemba.

Kwa hiyo ukiulizwa kauli ya rais ina uzito gani: ni nyepesi kama habari ya leo, ni nzito kama kipimo cha kesho. Irekodi neno kwa neno, na tarehe. Utaihitaji.

Nyongeza ndogo: wakati mwingine wanaodanganywa ni wenyewe kwa wenyewe. Oktoba 1944 makao makuu ya Japani yalitangaza kuzamisha meli 11 za Marekani za kubeba ndege karibu na Taiwan. Haikuzama hata moja. Jeshi la majini lilipogundua kosa halikuliambia jeshi la nchi kavu, na hilo likaenda kupanga vita vyake vya Leyte, Ufilipino, kwa kuamini meli hizo ziko chini ya bahari.

Bando_la_Jioni (saa 11:24)

Swali la tatu, la uhakiki kabla ya saa moja. Nitataja vya bure tu.

Fungua FIRMS ya NASA kwenye simu. Inaonyesha joto lililoonekana na setilaiti, kila nukta ni eneo la takriban mita 375, na huingia ndani ya saa tatu hivi baada ya setilaiti kupita. Weka tarehe ya jana na leo, sogea hadi mahali panapotajwa. Mji unaosemwa ni shwari ukiwa na safu ya nukta kwenye ukingo mmoja, hapo kuna swali. LAKINI moto siyo mzinga. Kabla hujaitumia kwa Sudan, ifungue Septemba juu ya Chemba na Kondoa: utaona nukta kibao, na hakuna vita pale, ni watu wanachoma mashamba na nyika kabla ya mvua. Linganisha na tarehe kama hiyo miaka miwili iliyopita. Kama nukta zilikuwepo pia, ni kilimo.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ziko bure kwenye kivinjari cha Copernicus, mpango wa setilaiti wa Umoja wa Ulaya. Kila nukta ya picha ni mita 10, inapita kila siku tano hivi. Gari huoni. Daraja lililokatika, ghala la mafuta lililoungua, mtaa uliogeuka jivu, hivyo unaviona. Kivu mara nyingi ina mawingu, picha itakuja nyeupe tupu. Tumia ya rada, Sentinel-1, inapita kwenye mawingu ila inahitaji mazoezi kuisoma.

Saa. Hapa ndipo wengi wanaanguka. FIRMS na Copernicus zinaandika saa za UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa. Ongeza tatu upate yetu, halafu ndiyo ugeuze kwa Kiswahili: 14:00 UTC ni 17:00 kwetu, yaani saa kumi na moja jioni. Goma na Khartoum ziko saa moja nyuma yetu. Kyiv kiangazi iko sawa na sisi, baridi inarudi saa moja. Ukikosea hapa utakanusha taarifa ya kweli kwa picha iliyopigwa kabla ya tukio.

Kisha angalia miguu ya serikali, achana na mdomo. Uwanja wa ndege unapokea ndege? Benki zimefunguliwa? Gavana analala wapi? Baada ya Goma kuanguka utawala wa Kivu Kaskazini ulihamia Beni, na tangu 2023 serikali ya jeshi la Sudan ilikuwa inafanyia kazi zake Port Sudan. Ripoti za OCHA, ofisi ya misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, zinataja waliokimbia wametoka wapi kwenda wapi. Kwa kawaida watu hawakimbilii upande wanakotokea wapiganaji.

Kosa la mwisho: kuhesabu vyanzo vitatu kumbe ni kimoja. Mashirika matatu yameandika "waasi 60 wameuawa", yote yamenukuu chapisho lile lile la msemaji yule yule. Hicho ni chanzo kimoja kilichovaa mashati matatu.

Binti_Mpwapwa (saa 11:40)

Asanteni sana, na Mzee shikamoo. Naongeza moja. Waziri anasema "asilimia 80 ya eneo imekombolewa". Asilimia inafanywaje?

Karani_wa_Namba (saa 11:55)

Muulize asilimia 80 ya nini. Ya ardhi, ya watu, ya makao makuu ya wilaya, au ya kile kilichotekwa mwanzo? Jangwa kubwa lisilo na mtu linapandisha asilimia bila risasi kufyatuliwa.

Afghanistan ilikuwa na wilaya karibu 400, na mkaguzi maalumu wa Marekani, SIGAR, alikuwa anachapisha kila robo mwaka ngapi ziko chini ya serikali au ushawishi wake. Mwishoni mwa 2015 zilikuwa asilimia 72. Mwishoni mwa 2018 zilikuwa kama 54. Mwaka 2019 ripoti ikaeleza kwamba kamandi ya NATO imeacha kufanya tathmini hiyo, kwa maelezo kwamba haisaidii tena katika maamuzi. Ukiona kipimo kilichochapishwa miaka mitatu kimeachwa ghafla, andika tarehe kilipoachwa. Ni habari kubwa kuliko namba yenyewe. Kabul ikaanguka tarehe 15 Agosti 2021.

Na askari 300,000 waliokuwa wanatajwa upande wa serikali hadi Julai ile? Sisi tunajua watumishi hewa, wale walikuwa na askari hewa: jina kwenye orodha, mshahara unachukuliwa, mtu hayupo. Iraq walikiri mwishoni mwa 2014 kwamba wamepata 50,000 wa namna hiyo, miezi michache baada ya Mosul kuanguka. Namba ya askari kutoka kwenye orodha ya mishahara ni namba ya mishahara.

Ramani_na_Penseli (saa 12:08 jioni)

Ongeza na ukubwa. Kwa hesabu za ISW, taasisi ya Marekani inayofuatilia vita, Urusi ilichukua kilomita za mraba kama 4,168 mwaka mzima wa 2024, ndani ya Ukraine pamoja na ardhi yake yenyewe iliyoirudisha mkoani Kursk. Kwa msikilizaji wa Dodoma hiyo haina maana mpaka umwambie mkoa wake una zaidi ya 41,000. Yaani ni sehemu moja ya kumi ya mkoa huu, wakati Ukraine nzima ina zaidi ya 600,000. Sentensi moja, na "kusonga mbele" kumepata kimo chake. Isitumike kudharau, kwa sababu vipande vidogo vyenye njia ya reli au kituo cha umeme vina uzito kuliko mbuga.

Kwa dawati: nunueni kaunta buku moja kwa kila vita. Safu ziwe tarehe ya tukio, tarehe ya taarifa, nani kasema, kitenzi alichotumia kwa lugha yake, mahali, namba, ahadi kama ipo. Acheni safu moja tupu upande wa kulia, ijazwe baada ya siku 30. Msitumie kompyuta ya zamu, faili zitafutwa.

Binti_Mpwapwa (saa 12:21)

Ya leo iko mezani. Nimeondoa majina, inasomeka hivi: "Jeshi limeukomboa mji, limeua magaidi 214, hali ni shwari." Waasi kwa upande wao wanasema bado wako mtaa wa mashariki. FIRMS ina nukta mashariki, za saa 11:00 UTC, na mwaka jana tarehe hii palikuwa peupe. Nina sekunde 25.

Ramani_na_Penseli (saa 12:29)

Angalia kitenzi cha asili. Walisema wamekomboa au wameingia?

Binti_Mpwapwa (saa 12:33)

Kwa Kifaransa ni "wameingia". Aliyetafsiri ndiye aliyekomboa.

Karani_wa_Namba (saa 12:36)

Basi: "Msemaji wa jeshi amesema wanajeshi wake wameingia mjini leo. Kundi la waasi linasema bado linashikilia mtaa wa mashariki, na data za setilaiti za saa nane mchana zinaonyesha moto upande huo." Basi, hapo umefika. 214 iache, haina mahali wala silaha zilizokamatwa. "Magaidi" ni neno la msemaji, ama limo ndani ya nukuu ama halimo. Wewe taja kundi kwa jina lake. Na usiseme moto umewashwa na nani, hujui.

Bando_la_Jioni (saa 12:38)

Saa nane mchana ni sahihi, 11:00 UTC. Sema "saa nane za Tanzania", maana kule kwao ilikuwa saa saba.

Binti_Mpwapwa (saa 12:50)

Imetoka sekunde 22. "Shwari" nimeifuta, na ile ya Kifaransa nimeibandika kwenye kaunta buku na tarehe. Naingia studio.